TUKIPATA SI TUTAJENGA



Hebu tufikirie kijiji kimoja. Hatukipi jina, maana ni mfano tu, wala si habari ya mahali fulani. Lakini twadhani wengi wenu mtakitambua. Kijiji hicho hakina zahanati. Mama akishikwa na uchungu usiku, hupelekwa mbali kwa pikipiki. Na wakati wa masika, mto ukijaa, huchukuliwa kwa machela mpaka ng'ambo. Kwa hiyo wanakijiji wamekata shauri kujisaidia wenyewe. Kila Jumamosi wanaume hufyatua matofali, wanawake huteka maji na kusomba mchanga, vijana huponda mawe. Kila nyumba imetoa fedha kidogo, na mzee mmoja mwaminifu amewekwa kuwa mtunza hazina.

Siku moja afika mgeni mkubwa, mwanasiasa. Asimama chini ya mwembe, awasifu watu kwa bidii yao, kisha asema hivi: "Tukipata fedha katika bajeti ijayo, tutaangalia uwezekano wa kuwasaidia katika jambo hili la zahanati." Watu wapiga makofi. Mgeni apanda gari, aondoka. Kesho yake gazeti latoka, na juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, pasomeka: ZAHANATI KUJENGWA. Jioni neno hilo lasikika redioni, na kabla watu hawajalala limekwisha kuenea katika simu za mkononi wilaya nzima.

Jumamosi inayofuata hakuna aendaye kufyatua matofali. Kwa nini watu wajichoshe, na Serikali yajenga? Mtunza hazina aombwa kurudisha fedha za watu, naye azirudisha. Masika yaja, na mvua yayeyusha matofali mabichi ambayo hayajachomwa. Bajeti yasomwa, zahanati haimo. Na usiku mmoja wa mvua, mama mjamzito abebwa tena kwa machela mpaka mtoni, na mto umejaa.

Twauliza: ni nani aliyemdhulumu mama huyu?

Mwanasiasa atasema, "Mimi nilisema tukipata." Na kweli, ndivyo alivyosema. Mwandishi wa habari atasema, "Mimi niliandika maneno yake yote, yamo katika aya ya sita." Na kweli, yamo. Mhariri atasema, "Nafasi ya kichwa cha habari ni ndogo, haiwezi kuchukua maneno yote." Na hilo pia ni kweli. Wanakijiji watasema, "Sisi tulisoma gazetini." Kila mmoja ana kweli yake mkononi, na bado jambo zima ni uongo, na uongo huo umemfikisha mama mtoni usiku.

Leo tungependa kusema hasa juu ya kosa la sisi watu wa magazeti, maana ndilo lililo karibu nasi, na mtu mwenye akili huanza kufagia uwanja wake mwenyewe kabla hajaenda kwa jirani.

Lugha yetu ya Kiswahili ni aminifu sana katika mambo haya. Mtu asemaye "tutajenga" amejifunga. Asemaye "tukipata fedha tutajenga" amejifunga kwa sharti. Asemaye "twakusudia kujenga" ameonyesha nia yake, na nia yaweza kubadilika. Naye asemaye "tutaangalia uwezekano wa kujenga" hakuahidi kujenga hata kidogo; ameahidi kuangalia. Hizo ni ngazi nne, na kila mzee aliyewahi kupatana mahari, au kukopa fedha, au kuuza ng'ombe, azijua vizuri. Mwambie mzee wa namna hiyo, "Nikipata nitakulipa," uone kama atakupa ng'ombe wake.

Lakini magazeti yetu yamezoea kuandika vichwa vya habari kwa kitenzi kitupu chenye ku- : Serikali kujenga, Waziri kuleta, Barabara kutiwa lami. Desturi hii imetokana na uchache wa nafasi, na mwanzo wake haukuwa mbaya. Walakini tazameni kazi inayofanya. Ile ku- haionyeshi wakati, haina sharti, wala haitaji mtu wa kudaiwa. Ngazi zote nne zatumbukia humo, na zikitoka zote zafanana. Yule aliyejifunga na yule aliyeangalia tu waonekana wamesema neno moja. Msomaji mwenye haraka, na nani leo hana haraka, huchukua kichwa cha habari na kuiacha aya ya sita.

Kosa hili si la jana wala juzi. Limo katika Injili takatifu, katika sura ya mwisho ya Mtakatifu Yohane. Baada ya kufufuka kwake, Bwana alikuwa pamoja na mitume kando ya bahari ya Tiberia. Petro akamwona nyuma yake yule mwanafunzi aliyependwa, akamwuliza Bwana habari zake: huyu naye itakuwaje kwake? Bwana akamjibu kwamba akitaka mwanafunzi huyo abaki mpaka atakapokuja tena, hilo halimhusu Petro. Yeye Petro kazi yake ni kumfuata. Basi, neno likaenea kati ya ndugu kwamba mwanafunzi yule hatakufa. Naye Mwinjili hakuiacha habari hiyo ipite. Aliandika waziwazi kwamba Bwana hakusema hatakufa. Ndipo akayarudia maneno ya Bwana yenyewe, pamoja na sharti lake.

Tusimame kidogo hapo, ndugu wasomaji, maana kuna mafundisho matatu.

Kwanza, waliolieneza neno lile hawakuwa adui. Injili yawaita ndugu. Walimpenda Bwana na walimpenda mwanafunzi wake, na walitamani sana iwe hivyo. Hivyo basi tusidhani kwamba habari huharibiwa na watu wabaya peke yao. Tumaini nalo huweza kuiharibu, kama vile chuki inavyoweza. Mwandishi anayetamani kijiji chake kipate zahanati ndiye anayeweza, bila ya hila yoyote, kusikia ahadi mahali ambapo ahadi haikutolewa.

Pili, kilichopotea ni kitu kidogo mno. Bwana alisema kwa -ki-, ndugu wakapokea kwa -ta-. Silabi moja tu! Na kwa silabi hiyo moja sharti liligeuka kuwa ahadi, na ahadi hiyo ikawekwa kinywani mwa Mwana wa Mungu ambaye hakuitoa. Mapokeo ya Kanisa yatuambia kwamba mwanafunzi huyo ni Yohane mwenyewe, naye aliishi mpaka uzee mkubwa. Fikirini basi imani ya wale waliokuwa wakingoja siku baada ya siku, wakimtazama mzee yule akidhoofika, huku wameshika ahadi ambayo haikutolewa. Alipokufa, wangemlaumu nani?

Tatu, Mwinjili alisahihisha. Hakusema kwamba jambo hilo ni dogo, au kwamba watu wamekwisha kulizoea, au kwamba lawatia moyo waamini. Aliyaweka maneno halisi mbele ya macho ya watu, akaacha hukumu mikononi mwao. Ikiwa neno la Bwana, asiyedanganya wala kudanganyika, liliweza kupotoka midomoni mwa watu wema, itakuwaje neno la mwanasiasa aliyelisema chini ya mwembe, huku akiwa na haraka ya kuondoka?

Historia ya karne iliyopita nayo yatupa mfano ambao wazihusu nchi zetu za Afrika. Mwezi wa Agosti 1941, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Rais Franklin Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Winston Churchill wa Uingereza walikutana melini karibu na pwani ya Newfoundland. Tarehe 14 ya mwezi huo ikatangazwa hati yao yenye vifungu vinane, iliyokuja kuitwa Mkataba wa Atlantiki. Kifungu cha tatu kilitaja haki ya watu wote ya kuchagua namna ya serikali watakayoishi chini yake. Watu wote! Maneno mapana hayo. Lakini "wote" walikuwa akina nani? Hati haikueleza. Wala haikuwa mkataba wa kutiwa sahihi kama ilivyo mikataba ya mataifa; mwaka 1944 Roosevelt mwenyewe aliwaambia waandishi wa habari kwamba hakuna nakala rasmi iliyotiwa sahihi.

Siku moja baada ya kutangazwa hati hiyo, Clement Attlee, mmoja wa mawaziri wa Baraza la Vita la Uingereza, alizungumza mjini London mbele ya chama cha wanafunzi wa Afrika ya Magharibi. Aliwaambia maneno ya ukarimu, kwamba uhuru uliokuwa ukipiganiwa haukukusudiwa kunyimwa taifa lolote la wanadamu. Yalikuwa maneno mema, lakini mapana. Hayakuwa amri ya serikali. Asubuhi yake gazeti la Daily Herald likatoa kichwa cha habari kwamba Mkataba wa Atlantiki wawahusu na watu weusi.

Je, ilikuwa ahadi? Jibu halikukawia. Tarehe 9 Septemba Churchill alisimama Bungeni akaeleza kwamba katika mkutano ule walifikiri kwanza juu ya mataifa ya Ulaya yaliyokuwa chini ya nira ya Wanazi, na kwamba maendeleo ya nchi zilizo chini ya Taji la Uingereza yalikuwa jambo jingine, mbali na hilo. Tangu kutoka kwa kichwa kile cha habari zilikuwa zimepita siku 24 tu.

Siku 24 ni chache katika hesabu ya wanasiasa. Lakini kumbukeni waliokuwa vitani. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland walikuwa katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakapigana Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 wakaingia katika misitu ya Burma. Waliambiwa kwamba vita hivyo ni vya uhuru. Damu waliyoimwaga haikuwa na "ikiwezekana" ndani yake.

Hapa huenda mtu akatupinga. Atasema: "Gazeti lile lilifanya vema. Lililikuza neno la mkubwa ili lisiweze kurudi nyuma. Kama watu wasingeambiwa kwamba wameahidiwa, wasingedai kitu." Hoja hii si ya kupuuzwa, na twaijibu kwa mfano wa mwandishi wa habari vilevile. Mwaka 1943 Nnamdi Azikiwe, mhariri wa gazeti la West African Pilot la Lagos, alikwenda London pamoja na wahariri wenzake wa Afrika ya Magharibi. Walipeleka waraka kwa serikali. Walikishika kile kifungu cha tatu, wakadai kitimizwe kwa matendo katika nchi zao, wakapanga na hatua za kufikia kujitawala katika muda wa miaka 15. Hawakuridhika na upana wa maneno. Walitaka yapewe mipaka, yaani nchi gani, hatua gani, miaka mingapi. Serikali haikuukubali waraka ule. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuulizwa.

Hiyo ndiyo tofauti tunayotaka ionekane. Kichwa cha habari chenye kukuza neno huwaambia watu, "Kaeni, limekwisha." Swali la mhariri mwaminifu huwaambia, "Simameni, bado." Nigeria ilipata uhuru wake tarehe 1 Oktoba 1960, na Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961. Miaka yote iliyopita katikati ilikuwa miaka ya watu waliouliza na kudai.

Tena, tusidanganyike kwamba kulikuza neno la mwanasiasa ni njia ya kumfunga. Mara nyingi ni njia ya kumfungua. Wahenga walisema, ahadi ni deni. Basi, mtu aahidiye kweli hupata sifa leo na deni kesho. Lakini yule aliyesema "tutaangalia," gazeti likamwandikia "kujenga," hupata sifa yote leo, na kesho hana deni hata senti moja, maana akidaiwa atafungua ile aya ya sita na kusoma maneno yake mwenyewe. Gazeti limemtengenezea ahadi asiyoitoa, naye ameila sifa yake kama mtu alaye mavuno ya shamba asilolima. Na ikiwa ni mtu mwaminifu, aliyekusudia kwa unyofu kusema tu yale anayoyaweza, basi amedhulumiwa yeye, kwa kuwa mwaka ujao ataitwa mwongo kwa neno ambalo hakulisema.

Kanisa latufundisha kwamba Amri ya Nane yatukataza kumshuhudia jirani uongo. Tumezoea kuifikiria amri hii kama kwamba yahusu kumsingizia mtu ubaya. Lakini shahidi aongezaye wema usiokuwapo ni shahidi wa uongo kama yule aongezaye ubaya. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya vyombo vya upashanaji habari iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, ulifundisha kwamba wanadamu wana haki ya kupashwa habari, na kwamba habari hizo hazina budi kuwa za kweli, tena zilizo kamili kwa kadiri haki na mapendo yanavyoruhusu. Kamili, maana yake sharti lisiachwe nje. Neno "tukipata" ni sehemu ya habari. Huenda ndilo habari yenyewe.

Sisi wenyewe tusijitoe katika hukumu hii. Gazeti hili nalo limewahi kutanguliza furaha mbele ya uangalifu. Tumewahi kuandika "kujengwa" mahali palipopasa "yafikiriwa," kwa sababu jambo lilikuwa jema, na msemaji alikuwa mtu tunayemheshimu, na siku ya kuchapa ilikuwa imefika. Twaomba radhi. Lakini katika Sakramenti ya Kitubio tumefundishwa kwamba majuto peke yake hayatoshi pale jirani alipopata hasara, yapasa kurudisha. Mwizi hurudisha mali. Mwandishi naye arudishe kweli, tena airudishe mahali pale pale alipoichukua. Kosa lililochapwa kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza, halitengenezwi kwa mistari miwili midogo chini ya matangazo ya biashara.

Kwa hiyo twawasihi wenzetu wa kazi hii mambo machache. Msikiapo neno la mkubwa, liandikeni kama lilivyotoka, na -ki- yake ibaki -ki-. Kichwa cha habari kikiwa hakina nafasi ya sharti, tafuteni kichwa kingine. "Zahanati yafikiriwa" hakizidi "Zahanati kujengwa" kwa urefu wa kumshinda mchapaji. Kisha ulizeni. Kuuliza si ujinga. Fedha zatoka fungu gani? Kazi yaanza mwezi gani? Nani atasimamia? Na kama fedha zisipopatikana, je, watu waendelee na matofali yao? Hilo swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, na ni mara chache kuulizwa. Jibu likiwa "sijui," andikeni kwamba amesema hajui. Hiyo nayo ni habari, tena ni habari ya manufaa.

Viongozi wetu nao twawasihi kwa heshima. Bwana wetu alitufundisha katika mahubiri ya mlimani kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Hakukataza "sijui bado." Ni afadhali kiongozi aseme chini ya mwembe, "Fedha hatuna, endeleeni na kazi yenu," watu wakanung'unika siku moja, kuliko kuwapa neno lenye milango miwili, mmoja wa kuingilia sifa na mwingine wa kutokea yeye. Nanyi mwonapo gazeti limewakuzia neno, msinyamaze kwa kuwa limewapendezesha. Anayenyamaza mbele ya sifa asiyostahili amekwisha kuipokea.

Na ninyi wasomaji, wakubwa kwa wadogo, jifunzeni kusoma mpaka aya ya sita. Wapo wasemao, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo ina hekima yake, lakini haitoshi kuwafanya watu waache matofali mvuani. Katika jumuiya zenu, mmoja asomapo habari njema juu ya kijiji, mwenzake na aulize: alisema "tuta-" au alisema "tuki-"? Wala msione aibu kumwandikia mhariri barua. Na kazi mliyoianza kwa mikono yenu msiiache kwa sababu ya herufi kubwa. Serikali ikija na saruji, itawakuta mmefika kwenye linta, na itakuwa furaha ya wote. Isipokuja, mama hatafika mtoni.

Mwaka 1923 Baba Mtakatifu Pius XI alimweka Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi. Mtakatifu huyo, alipokuwa padre kijana kule Chablais, watu walikataa kuja kumsikiliza. Naye aliandika mafundisho yake katika karatasi, akayafikisha majumbani mwao, hata kwa kuyapitisha chini ya milango. Hakuweza kupaza sauti kuliko wapinzani wake, wala hakutaka. Aliwawekea watu neno mkononi, walipime wenyewe kwa utulivu. Twamwomba atuombee kwa Mungu sisi tuandikao, ili kalamu zetu zisiongeze wala zisipunguze. Awaombee wasemao, ili waseme lile wawezalo kulilipa. Awaombee wasomao, ili wasichoke kuuliza. Naye Bwana, ambaye kila neno aliloahidi amelitimiza au atalitimiza, aibariki mikono ya wale ambao Jumamosi ijayo watarudi kufyatua matofali.